Koti Lililoshonwa Tabora

Siku ya kwanza nilipopata ruhusa ya kupiga picha bungeni, afisa habari aliyetupokea alianza na viatu. Alisema kiatu kinachogonga sakafu kimewahi kumrudisha mtu nyumbani. Kisha akaendelea na mengine. Ukiingia na ukitoka, inamisha kichwa kuelekea kiti cha Spika. Flashi hairuhusiwi. Usitoke kwenye eneo lenu. Usipige karatasi iliyo mezani kwa mbunge wala simu iliyo mkononi mwake. Usimpige anayesinzia, anayetafuna, anayejikuna. Mpige aliyesimama anazungumza. Aliye nyuma yake si wako.

Wenzangu waliokuja siku hiyo walikuwa wanaitikia huku wanachezea simu. Mimi nilikuwa nakariri. Ndivyo nilivyo tangu shuleni. Ukiniambia mlango fulani unafungukia ndani, nitarudi peke yangu baadaye nikausukume nihakikishe. Nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu, nimefaulu vizuri, na bado kila nikituma ujumbe naurudia kuusoma baada ya kuutuma, nikitafuta neno litakalomkera mtu. Kazi ya kamera niliipenda kwa sababu nilidhani haina maneno. Gazeti langu lina ofisi Dar es Salaam, na pale Dodoma nilikuwa peke yangu, katika chumba cha kupanga, kitambulisho cha Bunge nikikitundika kwenye msumari ulio usawa wa macho ili nisije nikakisahau.

Haikupita muda mrefu nikaitwa. Picha yangu moja ilitoka gazetini, mbunge anazungumza, safi kabisa, lakini mbele yake kulikuwa na karatasi na mtu mmoja mwenye macho makali aliikuza akaisoma. Afisa habari hakupaza sauti. Aliniambia, "Binti, safari hii tunaita kutojua. Safari nyingine tutaita kitu kingine." Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimelowa jasho mgongoni. Tangu siku hiyo nikawa navuta lenzi mpaka abaki uso na kifua cha anayezungumza, basi. Mhariri wangu alilalamika kwamba picha zangu zote zinafanana na za kitambulisho.

Nyumbani kwetu ni Tabora mjini. Baba ni fundi cherehani, na babu alikuwa fundi cherehani kabla yake, katika duka hilohilo lenye baraza nyuma ya soko. Anashona kanzu, sare za harusi, na zaidi ya yote anashona suti. Mmoja wa wabunge wa mkoa wetu ni mteja wake wa miaka mingi. Mzee huyo hajawahi kununua suti ya dukani, na popote anapokwenda hulisema hilo kama mtu anayetaja kabila lake.

Siku yenyewe alisimama kuchangia hoja ya viwanda vidogo. Wapigapicha wenzangu wote walikuwa wameondoka kumfuata waziri mmoja aliyetoka nje kuzungumza na vyombo vya habari. Mimi nilibaki. Nilijiambia kwamba sikuwa na uhakika kama kutoka katikati ya mchango kunaruhusiwa, ingawa ukweli ni kwamba nilitaka kuliona koti. Nililitambua kwa kola yake. Nilikuwa likizo nyumbani baba alipokuwa analikata, na mimi ndiye niliyemshikia chaki.

"Mheshimiwa Spika," mbunge wetu alianza, "watu wanadhani kitu kizuri lazima kitoke nje. Koti hili nililovaa limeshonwa Tabora, na fundi ambaye baba yake alimshonea baba yangu."

"Ndiyo maana linanuka tumbaku!" sauti ilitoka kiti cha nyuma yake.

Ukumbi ulicheka. Aliyesema alikuwa mbunge mmoja wa hapohapo Ugogoni, mtu mrefu, mnene, mwenye sauti ya ngoma. Tangu mwenzake aliposimama alikuwa ameshika pindo la koti lake kwa nyuma, akimvuta kidogokidogo akae chini. Kwa mtu wa nje ungekuwa utovu wa nidhamu. Kwetu ni utani. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu misafara ya pembe ilipokuwa inatoka Tabora kwenda pwani na kukatiza nchi yao, na mtani ana haki ya kukufanyia jambo ambalo ndugu yako wa tumbo moja angelifanya mngepelekana barazani.

"Kaa chini, mpagazi, umechoka," mtani alisema.

"Mheshimiwa Spika, naomba unilinde na mtani wangu," mbunge wetu alijibu bila kugeuka. "Nilikuwa nasema, tazameni mkono huu. Tazameni mshono."

Akainua mkono wa kulia juu kabisa. Mtani alikuwa hajaachia pindo. Kitambaa kililia krraa hata sisi wa roshani ya juu tukakisikia, na bitana nyeupe ikachungulia kwapani.

Sijawahi kusikia meza za Bunge zikigongwa namna ile. Wabunge wa pande zote walicheka, na mbunge wetu naye alicheka, akaketi, akampiga mtani begani kwa makaratasi.

Nilikuwa nimebonyeza mara mbili. Picha ya kwanza ilikuwa pana: wote wawili wamo, mkono wa mtani umekamata pindo, mdomo wake umejaa kicheko. Baada ya kuibonyeza ile nikakumbuka maneno ya afisa habari. Aliye nyuma yake si wako. Nikavuta lenzi. Picha ya pili ilikuwa ya mbunge wetu peke yake, mkono juu, mdomo wazi, kwapa limeachana, bitana nje. Hiyo ndiyo ilikuwa halali. Nilihesabu kanuni moja moja kichwani na sikuona hata moja iliyovunjwa.

Simu ya mhariri ilinifikia nikiwa bado kwenye ngazi.

"Dada, nasikia kuna koti limepasuka. Unayo?"

"Ninayo."

"Wengine?"

"Walikuwa nje."

"Mungu akubariki. Nitumie sasa hivi, kabla hawajaamka."

Ningeweza kusema ninazo mbili. Nilisimama pale kwenye ngazi nikafikiri, na kufikiri kwangu mimi ni kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko mmoja mara ishirini. Nikituma ile pana, nimempiga mbunge akiwa anacheza kitini. Watasema ni safari nyingine. Nikituma ile ya pili, nimempiga aliyesimama anazungumza. Baba yangu sikumfikiria. Yaani nilimfikiria, lakini nilifikiri kwamba kila mtu angejua koti haliwezi kupasuka hivihivi. Nilikuwa nimeliona likivutwa, nikadhani kuona kwangu kumo ndani ya picha.

Ilitoka kesho yake ukurasa wa mbele, na chini yake maneno kwamba koti la mbunge limepasuka akilisifia. Jina langu lilikuwa pembeni kwa herufi ndogo. Kufikia adhuhuri ilikuwa kwenye kila simu. Watu waliandika: suti ya Tabora, mkono unauzwa peke yake. Wengine: ukivaa suti ya Tabora usimpungie mtu wa mbali. Mmoja alionya kwamba ukiwa nayo mahakamani usiape. Niliisoma hiyo ya mwisho nikacheka kabla ya kukumbuka, kisha nikakaa kitandani nikiwa nimeshika simu kama imeniunguza.

Baba alipiga jioni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nimeiona picha yako."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Mwanga umekaa vizuri," alisema. "Mpaka bitana inaonekana."

Nilisubiri akasirike. Nadhani ningepumua kidogo kama angekasirika.

"Lile kwapa nililishona mara mbili," aliendelea. "Kwa sababu namjua yule, akizungumza hupunga mikono. Sasa nauliza tu. Alijikwaa? Alinaswa na kiti?"

"Alivutwa, baba."

"Na nani?"

"Mbunge mmoja wa huku. Mgogo. Alikuwa ameshika pindo."

Nikamsikia anacheka puani. "Mtani?"

"Ndiyo."

"Picha yake unayo?"

"Ninayo. Lakini haturuhusiwi. Anayepigwa ni yule anayezungumza tu."

"Basi iache," alisema. "Kanuni ni kanuni."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama alivyokuwa akisema mwalimu ni mwalimu nikirudi nyumbani nimechapwa. Nilimuuliza kama mbunge wetu mwenyewe hawezi kueleza kwamba alivutwa. Baba alishangaa. Alisema mtu mzima hawezi kumshitaki mtani wake kwa watu. Ukimshitaki, umekwisha.

Mambo mengine niliyapata kwa mama, maana baba asingeyasema. Wazee wanaokunywa kahawa barazani walikuwa wameanzisha mchezo. Kila wakimsalimia baba wanainua mkono wa kulia juu, halafu wanajikagua kwapa. Hilo halikumsumbua sana. Kilichomsumbua ni bwana harusi wa Isikizya. Alikuwa ameleta vitambaa vya suti yake na za wasimamizi wake, amepimwa, kila kitu tayari. Alikuja na wajomba zake wawili, kwa adabu kabisa, wakaomba vitambaa vyao.

"Walisema nini?" nilimuuliza mama.

"Walisema harusi ni siku moja, hawawezi kubahatisha."

"Na baba?"

"Aliwakunjia vizuri, akawafungia kwenye karatasi. Halafu akaja kulala mchana. Baba yako, umewahi kumwona amelala mchana?"

Sikuwahi. Na baada ya hao wakaja wa Puge, waliokuwa wameagiza makoti ya kwaya, wakasema watasubiri kidogo. Katika biashara ya baba, mtu akisema atasubiri kidogo maana yake amekwenda kwa fundi mwingine. Jina la fundi likiharibika halina kiraka. Miaka yote ya babu na ya baba ilikuwa inaning'inia kwenye kwapa moja, na mimi peke yangu nilikuwa na picha inayoonyesha nani alilivuta.

Mtu mwingine angeitoa tu. Angeipeleka kwenye kundi fulani la simu bila jina, ingezunguka yenyewe. Mimi nilikwenda kuomba ruhusa.

Afisa habari alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwonyesha picha pana. Alitabasamu alipouona mkono wa mtani, kisha akavua miwani.

"Kwa nini umeniuliza?"

"Nilitaka kujua kama inaruhusiwa."

"Ungeitoa bila kuniuliza, ningekuita hapa nikakukaripia, yangekwisha. Sasa umekuja mwenyewe. Ukija mwenyewe jibu liko moja tu."

"Hapana?"

"Hapana. Na ukiitoa sasa, umekaidi."

Nilimshukuru. Nikiwa mlangoni niligeuka nikainamisha kichwa kama mtu anayetoka ukumbini mbele ya Spika. Nilisikia watu wa ofisi ile wakicheka kabla sijafika kwenye ngazi.

Yaliyofuata baba hakuniambia kabla. Alipanda treni Tabora akashuka Dodoma, akauliza njia, akaja kusimama nje ya lango ambalo wabunge hutokea kwenda kula mchana. Sisi waandishi na wapigapicha huwa tunajipanga pale kuwasubiri, na siku hiyo nilikuwa katikati ya kundi, nafuta lenzi. Nilisikia sauti ninayoijua kuliko sauti zote duniani ikisalimu kwa Kigogo kibovu.

"Mbukwa, we bwana ng'ombe!"

Nilijua kabla ya kuinua macho. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu ya Idi, kofia ya kufuma, viatu vyenye vumbi la stesheni, na futi ya kupimia imening'inia shingoni kama yuko dukani.

Mtani alikuwa anaelekea kwenye gari lake. Alisimama. "Nani huyo ananiita kwa cheo changu?"

"Mnyamwezi."

"Ee! Mpagazi! Mwangaluka!" alimrudishia salamu ya kwetu. "Leo umebeba nini?"

"Sijabeba. Nimekuja kubeba. Nipe koti."

Watu wakaanza kusogea. Kamera zikainuka kulia na kushoto kwangu.

"Koti langu?" mtani aliuliza.

"Ulimpasulia mwenzangu koti mle ndani, na aliyelishona ni mimi. Tangu siku hiyo wateja wananikimbia kama nina upele. Sikukushitaki, siwezi kukushitaki. Nimekuja kudai. Babu zako walikaa kwenye visima, babu zangu wakipita na pembe mabegani hawapewi maji mpaka wakate kitambaa. Kisima hiki kitambaa, kisima kile kitambaa. Tukafika pwani tuko uchi! Sasa mjukuu amerudi kukusanya. Vua."

Askari wa langoni alikuja haraka, akamshika baba kiwiko. "Mzee, sogea huku."

"Mwache!" mtani alifoka, na kicheko kilikuwa kimeshamjaa kooni. "Huyu ukimgusa utanitia aibu kwetu. Ana haki yake."

Akavua koti palepale, akampa baba kwa mikono miwili. Baba hakushukuru, maana mtani hashukuriwi. Aliligeuza ndani nje, akaupitisha mshono wa bega kati ya vidole vyake.

"Mtani, hili walikushonea au walikubandika?"

Mtani aliinama akashika magoti kwa kucheka. Baba aliitoa futi shingoni. "Panua mikono nikupime, nisije nikaonekana mwizi. Panua! Usiogope, halipasuki, hujavaa kitu."

Mbunge mnene yule alisimama katikati ya njia amepanua mikono kama mtoto anayevalishwa, shati limelowa jasho, na baba yangu akimzunguka na futi, na kamera zote zinalia. Vipaza sauti vilipomfikia, mtani alisema kwa sauti ile ya ngoma, "Andikeni. Koti la Mnyamwezi nililivuta mimi, kwa mkono wangu huu. Fundi hana kosa. Na leo ninakwenda kula na shati."

Ilikuwa picha ambayo mpigapicha hupewa mara moja. Hakukuwa na kanuni iliyoikataza. Hatukuwa ukumbini, hakuna aliyekuwa na zamu ya kuzungumza, hakuna karatasi mezani. Lakini mimi nilikuwa najiuliza kama nje ya lango bado ni eneo la Bunge. Nilikuwa najiuliza kama watasema nimemleta baba yangu makusudi ili nipate picha. Niliwaza afisa habari ataniita. Na chini ya mawazo hayo yote, ambayo nilikuwa nayapanga vizuri kama mtu anayepanga viti mbele ya mlango ili usifunguke, kulikuwa na kitu kimoja tu. Nilimwonea haya baba. Nilionea haya sauti yake, Kigogo chake kibovu, vumbi la viatu vyake, ile "vua" aliyomwambia mheshimiwa mbele ya watu wenye vitambulisho shingoni. Mbele yangu alisimama mpigapicha mmoja wa miraba minne, mtu mwenye mgongo kama kabati. Nilipiga hatua moja nikawa nyuma yake.

Dada mmoja wa redio aliniegemea, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mzee huyu ni nani? Unamjua?"

"Ni watani," nilisema.

Ilikuwa kweli. Niliitafuta kweli inayoniwezesha kutosema, nikaipata haraka kuliko nilivyowahi kupata kitu chochote maishani.

Baba alipomaliza kupima alilikunja koti mkononi, akageuka akatazama safu yetu. Alitupitia mmoja mmoja, kuanzia mwisho wa kulia. Nilimwona kupitia nafasi ndogo kati ya kiwiko na mbavu za yule mtu wa miraba minne. Macho yake yalifika kwetu, yakakaa, yakaendelea mbele. Hakuita jina langu. Alimpungia mtani, akavuka barabara, akaenda zake.

Alinipigia akiwa stesheni.

"Nilipita Dodoma mara moja," alisema. "Nikaona nisikusumbue, una kazi."

"Nimesikia ulikuja, baba," nilisema.

"Ndiyo. Nilipita tu."

Nikasikia watu wa stesheni nyuma yake, mwanamke akiita mtoto, mtu akiuliza behewa. Nilitaka kusema. Nikaanza kupanga sentensi ya kwanza. Nilipokuwa bado naipanga akasema treni inaita, akakata.

Magazeti ya kesho yake yote yalikuwa na baba, mikono ikizunguka kifua cha mtani, na futi katikati. Letu lilikuwa na picha ya jengo. Mhariri alipiga asubuhi.

"Dada. Kila mtu anaye mzee na koti. Sisi tuna paa."

"Samahani."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Hapa wameandika jina lake." Alisita. "Jina la ukoo la huyu mzee na lako…"

"Ndiyo."

Nilisikia akipumua. Alikuwa na maneno makali ya kila kosa, na kwa hili hakupata hata moja. "Haya," alisema, akakata simu. Sikufukuzwa. Hakulitaja tena, na kila nikimtumia picha hujibu "asante," neno ambalo zamani hakuwa nalo.

Nilikwenda nyumbani Idi. Njia nzima nilifanya mazoezi ya kuomba radhi, nikatunga namna tatu, ya kwanza ndefu mno, ya pili yenye visingizio, ya tatu fupi mpaka ilionekana kama kiburi. Nilipofika duka lilikuwa limejaa. Bwana harusi wa Isikizya alikuwa amerudisha vitambaa, na safari hii mjomba mmoja alileta cha kwake pia. Wa Puge walishachukua makoti yao. Koti la mtani lilikuwa limetundikwa mlangoni, jeusi, kubwa kama pazia, na kila aliyeingia alilishika akacheka. Baba alikuwa amelifumua mabega na kuyashona upya, akisema siku mtani akija kulikomboa kwa mbuzi, kama desturi ya utani inavyotaka, atalikuta angalau linavalika.

Wazee wa kahawa walikuwa barazani. Muuza kahawa mwenyewe alikuwa amebandika ukutani picha zote za magazeti, zile za langoni, na kila mteja mpya alielezwa upya nani ni nani. Nilikuwa ndani, namshikia mama sinia, muuza kahawa aliponiona.

"Na wewe, binti Dodoma!" aliita. "Njoo hapa. Nimebandika magazeti yote mimi, nimesoma majina yote ya wapigapicha. Lako silioni. Baba yako anapigwa picha na nchi nzima, wewe ulikuwa wapi?"

Wazee waligeuka. Haikuwa shutuma, walikuwa wanatania tu, na bwana harusi alikuwa anatabasamu akisubiri jibu la kuchekesha. Sinia lilikuwa zito mikononi. Nikafungua mdomo nikiwa sijui ni ipi kati ya zile namna tatu itakayotoka.

"Huyu haruhusiwi," baba alisema.

Alikuwa ameinamia meza, anapiga mistari ya chaki kwenye kitambaa cha mjomba wa Isikizya. Hakuinua kichwa.

"Haruhusiwi vipi?"

"Kule wana kanuni. Mpigapicha hampigi ndugu yake wa damu. Hata baba yake angekuwa waziri, anashusha kamera, anawapisha wenzake. Akikiuka, wanamnyang'anya kitambulisho."

"Kumbe!" muuza kahawa alisema.

"Wewe ulidhani ni baraza la kahawa pale? Pale kuna utaratibu."

Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema hiyo ni kanuni nzuri, kwamba upendeleo ndio unaoharibu kazi za serikali, na mwingine akasema basi ilimuuma sana mtoto wa watu, kusimama pale amemwona baba yake na mikono imefungwa.

"Ni kweli?" bwana harusi aliniuliza mimi. "Ipo kanuni hiyo?"

Nazijua kanuni zote. Ninaweza kuzisema kwa mfuatano hata leo, kuanzia viatu. Baba alikuwa anaendelea kupiga mistari, na nikajua kwamba pale langoni macho yake yalipokaa kidogo yalikuwa yamenikuta.

"Ipo," nilisema.

Baba aliufuata mstari mpaka mwisho wa kitambaa. Kisha akasema, "Njoo unishikie upande wa pili, mama, nikate." Nikaweka sinia chini, nikashika.